Ushahidi Uleule, Hukumu Mbili

Tarehe 25 Juni 2004, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, jijini Dar es Salaam, iliwatia hatiani watu wanne wa familia moja kwa makosa ya ubakaji wa watoto, ikawafunga maisha. Mmoja alikuwa mpiga gitaa Nguza Viking, ambaye mji mzima ulimwita Babu Seya. Wengine walikuwa wanawe watatu, akiwemo Johnson Nguza, yule mwanamuziki Papii Kocha. Walikata rufaa. Januari 2005 Mahakama Kuu ikasema hakimu alikuwa sahihi. Wakapanda tena, na tarehe 11 Februari 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia huru wana wawili. Baba na Papii wakabaki na kifungo chao.

Kati ya 2004 na 2010 hakuna shahidi mpya aliyepanda kizimbani, wala kielelezo kilichoongezwa. Majaji wa 2010 walikuwa na karatasi zilezile zilizotoka Kisutu. Ndiyo maana pale Ukonga, ambako baba na mwana walikuwa wamefungwa, kesi ile iliacha swali ambalo mpaka leo hulikosi kijiweni Banana au ndani ya daladala la Gongo la Mboto: kama wawili hawakustahili kufungwa, hakimu wa kwanza aliona nini? Na kama hakimu alikuwa sahihi kwa baba, ilikuwaje akosee kwa wana wawili, siku ileile, kwenye hukumu ileile?

Wengi hujibu harakaharaka kwamba kuna mtu "aliongea na watu". Sitasema jambo hilo halijawahi kutokea duniani. Ila kesi nyingi zinazogeuka kwenye rufaa hugeuka kwa sababu ambayo haina siri yoyote, nayo imeandikwa ndani ya hukumu yenyewe kwa mtu atakayevumilia kuisoma. Mahakama ya juu haisikilizi kesi. Inasoma jinsi kesi ilivyosikilizwa.

Ngazi zinaanzia wapi

Rufaa ni ombi la mtu asiyeridhika na uamuzi, analopeleka mahakama ya juu zaidi ili uamuzi huo ukaguliwe. Anayeomba huitwa mrufani. Wa upande wa pili ni mjibu rufaa. Haki ya kukata rufaa imo kwenye Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), kwa hiyo karani wa mahakama anayekupokea kwa uso wa kuchoka hakufanyii fadhila.

Njia ya rufaa inategemea kesi ilianzia wapi. Tuseme kijana ameshitakiwa Mahakama ya Mwanzo hapo Ukonga kwa kuiba simu. Akifungwa, rufaa yake inakwenda Mahakama ya Wilaya ya Ilala, kisha Mahakama Kuu. Akitaka kufika Mahakama ya Rufani, kesi iliyoanzia mahakama ya mwanzo inahitaji kwanza hati ya Mahakama Kuu inayothibitisha kuwa kuna hoja ya kisheria ya kujadiliwa. Kulalamika tu kwamba umeonewa hakutoshi.

Sasa tuseme kijana huyohuyo ameshitakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo kifungo chake hakipungui miaka 30. Kesi hiyo haianzii mahakama ya mwanzo. Inaanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, rufaa ya kwanza inakwenda Mahakama Kuu na ya pili Mahakama ya Rufani, bila hati. Kesi ya mauaji husikilizwa Mahakama Kuu tangu mwanzo, kwa hiyo rufaa yake ni moja tu. Ukipigwa hapo, umemaliza ngazi.

Migogoro ya viwanja, ambayo kwa watu wa Kivule, Kitunda na Pugu ni kama msimu wa mvua, ina njia yake: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, halafu Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Baraza la kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha. Halimpi mtu kiwanja.

Juu kabisa kuna Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Ilianza mwaka 1979. Kabla ya hapo rufaa za Tanzania, Kenya na Uganda zilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambayo ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule mwaka 1977. Majaji wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania husikiliza rufaa wakiwa watatu kwa kawaida. Suala likiwa zito, kwa mfano maamuzi mawili ya mahakama hiyohiyo yanapogongana, hukaa watano. Rufaa za Zanzibar nazo hufika hapo, isipokuwa mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia Mahakama ya Kadhi na yale ya kutafsiri Katiba ya Zanzibar.

Aliyemwona shahidi na aliyemsoma

Hakimu wa Kisutu au wa Kinondoni anaona mambo ambayo hayaingii kwenye karatasi. Anamwona shahidi akitokwa jasho, akimkodolea macho ndugu yake aliyekaa nyuma, akijibu upesi mno au akikaa kimya kirefu. Jaji wa rufaa haoni lolote kati ya hayo. Mbele yake kuna mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya kila kilichosemwa na kufanywa mahakamani tangu shitaka liliposomwa, pamoja na nakala ya hukumu, vielelezo na sababu za rufaa.

Kutokana na tofauti hiyo, mahakama za rufaa zimejiwekea adabu: kama hakimu amesema "nilimwona shahidi huyu, nikamwamini", majaji hawaingilii kirahisi. Ila adabu hiyo ina mipaka, na wasimulizi wa kesi vijiweni huiruka hapo. Kuaminika kwa shahidi hakupimwi kwa sura peke yake. Hupimwa pia kwa kulinganisha maneno yake na ya shahidi mwingine, na hata maneno yake ya asubuhi na ya jioni. Shahidi wa kwanza akisema taa ilikuwa inawaka na wa tatu akasema umeme ulikatika, jaji wa rufaa anaona mgongano huo sawasawa na hakimu aliyekuwepo. Pengine anauona vizuri zaidi, maana anasoma kurasa zote mfululizo, wakati hakimu alisikiliza shahidi mmoja Machi na mwingine Septemba.

Rufaa ya kwanza na ya pili si kitu kimoja. Mahakama inayosikiliza rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuuchambua ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe. Jaji akiandika tu kwamba hakimu alifanya vizuri, bila kuonyesha kuwa ameupima ushahidi, hajafanya kazi yake, na kosa hilo peke yake linampa mrufani hoja huko juu. Rufaa ya pili ni nyembamba. Pale majaji huangalia hasa kama sheria ilifuatwa, na mahakama mbili za chini zikiwa zimekubaliana kwamba jambo fulani lilitokea, hawagusi hapo, ila tu zikiwa zimeuelewa vibaya ushahidi au zimeacha jambo la msingi.

Turudi kwa familia ya Nguza. Mojawapo ya mambo yaliyobishaniwa sana kwenye rufaa yao ni jinsi hakimu alivyowapima mashahidi watoto kabla hawajatoa ushahidi. Wakati ule sheria ilimtaka hakimu amhoji kwanza mtoto ili kujua kama anaelewa maana ya kiapo na ana akili ya kutosha kueleza alichokiona, kisha aandike alichobaini. Asipofanya hivyo ipasavyo, ushahidi wa mtoto unapungua uzito. (Sheria ilibadilishwa mwaka 2016, sasa mtoto anaweza kuahidi tu kusema kweli.) Swali la namna hiyo halihitaji kumwona mtoto. Linahitaji kufungua ukurasa na kuona hakimu aliandika nini. Na majaji hawaupimi ushahidi kwa familia. Wanaupima dhidi ya kila mshitakiwa na kila shitaka peke yake. Kwa njia hiyo watu wanne wanaweza kuingia kwenye rufaa moja, wakatoka kwa milango miwili.

*Kwa kifupi:* hakimu wa kwanza ndiye mwenye macho. Mahakama ya rufaa ya kwanza inaupima ushahidi wote tena kwenye maandishi. Ya pili inakagua hasa sheria.

Kosa gani linaivunja hukumu?

Hakuna kesi isiyo na dosari. Tarehe imekosewa, jina limeandikwa vibaya, ukurasa una wino uliomwagika. Sheria inasema kosa la utaratibu halivunji hukumu mpaka liwe limesababisha haki kupotea. Mabishano yote yapo kwenye kuamua ni kosa gani limefika huko.

Chukua mfano wa usiku. Watu wamevamia nyumba Gongo la Mboto saa nane, wamechukua pesa na televisheni. Mwenye nyumba anasema: "Nilimtambua, ni fulani." Hakimu anamwamini, maana mzee yule hana sababu ya kusingizia. Mahakama ya Rufani iliweka wazi tangu mwaka 1980 kwamba imani hiyo haitoshi. Ushahidi wa kumtambua mtu, hasa usiku, ni dhaifu kwa asili yake. Mtu mkweli kabisa anaweza kukosea. Kwa hiyo shahidi lazima aeleze alimwona mvamizi kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga wa namna gani na mkali kiasi gani, na kama alikuwa anamfahamu kabla. Akisema tu "kulikuwa na taa", mwendesha mashtaka asimuulize ilikuwa wapi, pengo hilo linabaki kwenye mwenendo milele. Miaka mitano baadaye jaji anasoma, anakuta taa isiyo na mahali wala nguvu, na mfungwa wa miaka 30 anarudi nyumbani. Mwenye nyumba anaona ameonewa, nami simlaumu. Lakini kosa halikufanyika Mahakama ya Rufani. Lilifanyika siku ile alipokuwa kizimbani na hakuna aliyemuuliza kuhusu taa.

Mfano wa pili unawashangaza watu zaidi. Ripoti ya daktari imeletwa, imepokelewa kama kielelezo, imewekwa kwenye jalada. Hakuna aliyeisoma kwa sauti. Kwa kanuni iliyosimikwa mwaka 2003, hati hupokelewa kwanza, kisha husomwa mahakamani ili mshitakiwa ajue imesema nini. Isiposomwa, inaondolewa kwenye ushahidi, kana kwamba haikuwahi kuletwa. Baada ya hapo majaji wanajiuliza: bila karatasi hii, ushahidi uliobaki unasimama? Ukisimama, rufaa inaanguka. Kuna warufani wengi wanaoshinda hoja namba moja, mbili na tatu, halafu wanarudishwa gerezani kwa sababu maneno ya shahidi mmoja aliyebaki yanatosha.

Aliyekiri kosa mwenyewe ana nafasi ndogo sana. Sheria haimruhusu kupinga hatia, ila ukubwa wa adhabu au uhalali wake, labda aonyeshe kwamba maneno aliyoyasema hayakuwa kukiri kweli. Vijana wanaoambiwa mahabusu "kubali tu, utapigwa faini uondoke" wangefaa kulijua hili kabla ya kufungua mdomo.

Yanayoweza kukupata

Rufaa ikishasikilizwa, mahakama inaweza:

- kuitupilia mbali, hukumu ikabaki kama ilivyo;
- kuikubali, ikafuta hatia na adhabu, mtu akaachiwa papo hapo isipokuwa awe anashikiliwa kwa jambo lingine;
- kuacha hatia ikabadili adhabu, kwa kupunguza au kuongeza;
- kuamuru kesi isikilizwe upya.

Neno "kuongeza" halipo hapo kwa mapambo. Mtu aliyepewa adhabu ndogo kuliko ile ya lazima kisheria anaweza kwenda kulalamika miaka 10 ni mingi, akarudi na 30.

Kuamuru kesi ianze upya nako kuna sharti, lililowekwa tangu enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1966: kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba matundu ulioyaacha. Inarudiwa pale utaratibu wenyewe ulipoharibika na haki inadai hivyo. Mtu akishakaa gerezani miaka mingi, majaji mara nyingi husema inatosha.

Hatia ikifutwa, vilivyochukuliwa hurudi. Machi 2020 Kisutu iliwatia hatiani viongozi wa Chadema na aliyekuwa katibu mkuu wao, faini zao zikafika jumla ya shilingi milioni 350. Tarehe 25 Juni 2021 Mahakama Kuu ilifuta hatia hiyo na kuamuru fedha zirudishwe. Jamhuri nayo, kupitia Mkurugenzi wa Mashtaka, ina haki ya kukata rufaa mtu akiachiwa. Wengi hudhani mlango huo ni wa mfungwa peke yake.

Matokeo mengine hayamo kwenye orodha ile, nayo huwachanganya hata waandishi wa habari. Rufaa inaweza kuondolewa mahakamani bila kusikilizwa, kwa kuwa ina dosari: kiapo kimekosewa, ukurasa haupo, nakala haina muhuri. Iliyoondolewa hivyo inaweza kurudishwa baada ya kurekebishwa, muda ukiruhusu. Kuna kipindi mashauri mengi yalianguka hivyo, mtu akasubiri miaka kisha akaambiwa arudi mwanzo kwa ajili ya namba ya kifungu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliwataka majaji watazame kiini cha haki kuliko ufundi wa makaratasi. Hali imelegea, ingawa dosari zinazogusa mamlaka ya mahakama, kama kuchelewa, bado zinaua rufaa.

Siku zinahesabiwa

Kwa kesi ya jinai iliyoamuliwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, mtu anayefungwa leo ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, yaani kuijulisha mahakama kwamba hajaridhika. Halafu ana siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu, na muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo hauhesabiwi. Toka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ya kusudio nayo ni siku 30.

Mfungwa hahitaji kutoka gerezani kufanya haya. Anakabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza, naye ana wajibu wa kuzifikisha mahakamani. Wasio na wakili, nao ndio wengi, huandikiwa sababu zao na wafungwa wenzao waliokaa muda mrefu na kujifunza sheria kwa kesi zao wenyewe. Nimewahi kusoma sababu za rufaa zilizoandikwa kwa mkono gerezani, herufi zimebanana mpaka pembezoni, hoja saba, mbili kati yake kali kuliko nilizoziona kwa mawakili wenye ofisi mjini.

Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda. Hapo atatakiwa aeleze kila siku aliyochelewa. Kwa aliye ndani, jibu huwa rahisi kidogo, maana hakuwa na uhuru wa kwenda kumkumbusha karani. Kwa aliye nje, "nilikuwa naumwa" bila cheti haisaidii.

Kwa kesi za madai, yaani za mtu kumdai mtu haki au mali, kuna mtego mmoja. Kukata rufaa hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Umeshindwa, umekata rufaa ndani ya muda, umetulia. Wiki mbili baadaye dalali wa mahakama anabandika tangazo la mnada mlangoni. Ilibidi uombe kwa maombi ya pekee amri ya kusimamisha utekelezaji, na mara nyingi uweke dhamana. Nyumba ikishauzwa, kuirudisha hata baada ya kushinda ni safari nyingine.

Kwa wenzetu Marekani

Wanaofuatilia habari za Marekani husikia mara kwa mara jaji wa shirikisho wa wilaya fulani ameizuia amri ya Rais, kisha mahakama ya rufaa imeutengua uamuzi wake. Jaji huyo wa wilaya si kama hakimu wetu wa Ilala. Ni jaji wa ngazi ya kwanza kwenye mahakama za serikali kuu, na wilaya za namna hiyo ziko 94. Juu yao kuna mahakama za rufaa 13, nazo husikiliza kwa majaji watatu kama sisi. Adabu ya kuheshimu macho ya aliyemwona shahidi wanayo vilevile: jambo la ukweli halitenguliwi mpaka kosa liwe dhahiri, wakati jambo la sheria linapimwa upya bila kumwonea aibu jaji wa chini. Tofauti kubwa iko juu kabisa. Mahakama yao ya Juu huchagua kesi za kusikiliza, na nyingi inazikataa bila maelezo. Mfungwa wa Ukonga aliyeanzia mahakama ya wilaya anafika Mahakama ya Rufani kwa haki yake.

Baada ya ngazi ya mwisho

Baba na Papii walirudi Mahakama ya Rufani kuomba marejeo, yaani mahakama iutazame tena uamuzi wake yenyewe. Mlango huo ni mwembamba kuliko yote: kosa liwe la wazi kwenye uso wa hukumu, au mtu awe amenyimwa nafasi ya kusikilizwa, au hukumu ipatikane kwa udanganyifu. Kusema majaji walikosea kupima ushahidi ni kukata rufaa kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2013 maombi yao yalikataliwa.

Tarehe 9 Desemba 2017, kwenye sherehe za Uhuru mjini Dodoma, Rais John Magufuli aliwasamehe, wakatoka Ukonga siku hiyohiyo. Msamaha wa Rais unatokana na ibara ya 45 ya Katiba. Unaondoa adhabu, hausemi kwamba mahakama ilikosea.

Aliyesema kuna kilichokosewa ni mwingine. Mwaka 2015 baba na Papii walikuwa wameshafungua shauri Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha. Tarehe 23 Machi 2018, wakiwa tayari mitaani, mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki yao ya kujitetea, kwa kutowapa nakala za maelezo ya mashahidi na kwa kutowaita mashahidi muhimu. Madai yao mengine iliyakataa. Mahakama ya Arusha si ngazi nyingine ya rufaa na haifuti hatia kwa mkono wake. Inapima kama nchi ilitimiza ahadi iliyoitia saini.

Njia hiyo ilikuwa wazi kwa sababu Tanzania ilitoa tamko la kuruhusu mtu binafsi kuishitaki. Novemba 2019 serikali ililiondoa tamko hilo, na mwaka mmoja baadaye kuondolewa huko kukaanza kufanya kazi. Malawi haijaondoa la kwake. Mtu wa Lilongwe akishindwa kwao anaweza kufungua shauri Arusha. Wa Ukonga hawezi.